Picha Hii Inaenda Wapi?

Haya ni maneno niliyozungumza Jumanne hapa Morogoro tulipokutana wapiga picha wa mjini na wa wilayani. Wengi waliokosa walikuwa kazini na wameniomba niyaweke kwa maandishi, basi nimeyaandika kama nilivyoyasema, zile picha nilizokuwa naonyesha ukutani ndo nimeziacha.

Kaka zangu, dada zangu, na nyie wadogo zangu mlioshika kamera mwaka huu, habari za mchana. Tumsifu Yesu Kristo, asalaam aleikum. Nashukuru mmechagua Jumanne, maana Jumamosi mpiga picha gani utamkuta amekaa kwenye kiti?

Kabla sijaanza, mkono juu. Nani hapa ameshawahi kupigiwa simu na mteja anamwambia "kaka picha zako zinapasuka"? Haya, naona mikono. Shusheni. Sasa nani aliyejua kosa liko wapi, kwenye kamera, kwenye lenzi, kwa msafishaji wa picha au kwenye kile kidirisha cha kueksipoti, yaani cha kutolea picha iliyokamilika kwenye kompyuta, ambacho wote tunakipita haraka haraka tukiwa tumechoka saa nane usiku? Mikono imepungua. Hicho kidirisha ndo nimekuja kukizungumzia leo, kwa sababu tunahangaika na mwanga, tunahangaika na pozi, tunakopa hela kununua lenzi, alafu kazi yote ile tunaiharibu kwenye dakika mbili za mwisho.

Nianze na hii namba inayosumbua kuliko zote, DPI, yaani idadi ya nukta kwa kila inchi.

Kuna kijana nafanya nae kazi, ni mpiga picha mzuri kweli. Alipata kazi ya kupiga picha wafanyakazi wa ofisi moja, picha zikatumika kwenye mitandao yao, kila mtu akafurahi. Mwisho wa mwaka wakataka kutengeneza kalenda, wakamwandikia "tutumie zile picha zikiwa 300 DPI". Yeye akachukua zilezile ndogo alizowatumia mwanzo, upande mrefu pikseli 900, yaani zile nukta ndogo ndogo zinazojenga picha, akafungua kwenye kompyuta, pale palipoandikwa 72 akafuta akaandika 300, akasevu, akatuma. Moyo wake mweupe kabisa, alijua ametimiza walichotaka. Fundi wa uchapaji akazirudisha zote siku hiyohiyo, na mteja akahisi ametapeliwa.

Je, alidanganya? Hapana. Aliamini kwamba ile namba ndo ubora wenyewe, na nikiwauliza hapa wengi wetu tunaamini hivyo.

Hebu chukulieni pikseli ni shanga. Una shanga 1800 mkononi. Ukizitunga 300 kwenye kila inchi moja ya uzi, utapata uzi wa inchi 6, zimeshikana vizuri, huoni uzi katikati. Ukichukua shanga zilezile ukazitunga 72 kwa kila inchi, unapata uzi wa inchi 25, mrefu kweli lakini shanga ziko mbalimbali. Sasa niambieni, shanga zimeongezeka? Zimepungua? Ni zilezile 1800. DPI ni maelekezo tu ya namna ya kuzitunga, ni kikaratasi kimebandikwa kwenye faili. Yule kijana alikuwa na shanga 900, kwa 300 kila inchi zinatoa picha ya inchi 3, ndogo kuliko kadi ya benki, na kalenda ya ukutani inataka zaidi ya mara nne ya hapo kwa upande mmoja tu. Kubadilisha kikaratasi hakuleti shanga.

Na hiyo 72 mnajua ilitoka wapi? Ilitoka kwenye kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984. Skrini yake ilikuwa na nukta 72 kwa kila inchi, na wachapaji nao hupima herufi kwa pointi, ambapo pointi 72 ni inchi moja, kwa hiyo ulichokiona kwenye skrini kilikuwa na ukubwa uleule kikitoka kwenye karatasi. Kwa wakati ule ilikuwa na maana kubwa. Leo simu za mkononi nyingi tu zina pikseli zaidi ya 400 kwa inchi, na simu ikifungua picha yako wala haiangalii umeandika 72 au 300, inahesabu pikseli basi. Kwa hiyo mtu akikwambia "za mtandaoni weka 72", mheshimu, lakini jua hiyo 72 yenyewe haifanyi kazi yoyote.

Ila kuna mtego hapa, na huu naomba mnisikilize kwa makini. Kwenye Photoshop, ile programu ya kuediti picha, pale unapobadilisha ukubwa wa picha kuna kiboksi kimeandikwa Resample. Ukiwa umekitiki alafu ukatoa 300 ukaweka 72, hapo sasa programu inatupa pikseli kweli. Picha yako ya pikseli 6000 inabaki 1440. Ukisevu juu ya ileile, umemaliza, zimeenda. Na ukifanya kinyume, kutoka 72 kwenda 300 kiboksi kikiwa na tiki, inaongeza pikseli za kubuni, inakisia tu katikati ya zile zilizokuwepo. Faili linakuwa zito, picha inakuwa laini kama imepakwa mafuta. Kwenye Lightroom, programu nyingine ya kuediti, pale kwenye Resize to Fit wekeni tiki kwenye Don't Enlarge na muiache hapohapo, ili picha ndogo isije ikavutwa bila wewe kujua.

Sasa kama DPI ni kikaratasi, tunahesabu nini? Tunahesabu pikseli, na kabla ya kuhesabu tunauliza swali moja. Picha hii inaenda wapi?

Inaenda wapi? Mteja akishalipa, kabla hujaeksipoti hata moja, muulize. Inaenda kwenye albamu ya kushika mkononi? Ukutani sebuleni? Kwenye simu? Kwenye bango la barabarani? Hayo ni mambo tofauti kabisa, na ukimpa zote saizi moja lazima kuna sehemu atalia.

Ya kushika mkononi ndo inataka 300 kwa inchi, kwa sababu macho yako karibu. Hesabu yake ni ya darasa la nne, chukua inchi zidisha kwa 300. Picha ya kawaida ya inchi 4 kwa 6 inataka pikseli 1200 kwa 1800. A4 inataka 2480 kwa 3508. Kamera nyingi za megapikseli 24, yaani pikseli milioni 24, zinatoa 6000 kwa 4000, kwa hiyo A4 unatoa na chenji inabaki, alimradi hujakata picha sana. Ukikata ukabakiza nusu ya upana na nusu ya urefu, umebaki na robo ya pikseli. Robo, wala sio nusu. Megapikseli 24 zimekuwa 6. Ndo maana nawaambia vijana wangu sogea kwa miguu, usitegemee kukata baadae.

Lakini 300 sio sheria ya kila kitu, na hapa kuna wenzetu wanapoteza kazi. Rafiki yangu mmoja aliitwa kupiga picha ya bango la mita 6 kwa mita 3. Alikuwa na Canon 5D ile ya kwanza kabisa iliyotoka 2005, megapikseli 12.8. Akakaa na kalkuleta. Mita 6 ni kama inchi 236, mara 300, akapata karibu pikseli elfu 71. Akaangalia kamera yake inatoa 4368 kwa upande mrefu. Akampigia mteja akamwambia kaka hii kazi siiwezi, vifaa vyangu vidogo. Kazi ikaenda kwa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine nilimuona kwa macho yangu, alikuwa na kamera ya kawaida tu.

Nani atasimama sentimita 30 kutoka kwenye bango la barabarani? Watu wako ng'ambo ya barabara, wako kwenye daladala, wako kwenye bodaboda. Kwa umbali ule pikseli kama 20 kwa inchi zinatosha, na ile 5D yake ilikuwa inatoa 18 na ushee. Angeifanya ile kazi na ingependeza. Iliniuma sana, kwa sababu alikuwa na kazi mkononi na akazuiwa na namba aliyokaririshwa bila kuelezwa sababu yake. Kadiri mtu anavyosimama mbali, ndivyo unavyoweza kupunguza. Ya sebuleni ya inchi 20 kwa 30 ukiwa na 150 kwa inchi, yaani 3000 kwa 4500, inakaa vizuri kabisa.

Haya tuje kwenye simu, maana huko ndo picha zetu nyingi zinakufa.

Nilipiga harusi moja Tanga. Bibi harusi alikuwa amepakwa hina na fundi ambaye sijawahi kuona mkono mwepesi kama wake, maua madogo madogo yanapanda kutoka kwenye ncha za vidole mpaka karibu na kiwiko, katikati ya kila ua kuna vidoti vitatu. Nilikaa pale dakika nzima nimezuia pumzi nikisubiri mwanga wa dirishani uguse mikono ile. Ilikuwa picha yangu bora ya mwaka. Usiku ule mama wa bibi harusi akaniomba "mwanangu nitumie hata chache nione", nikamtumia WhatsApp, kawaida tu, kama picha. Yule mama hakusubiri flashi. Wiki iliyofuata alipeleka ile picha ya WhatsApp kusafisha inchi 16 kwa 24, akaiweka fremu ya dhahabu sebuleni. Nilipokuja kuleta albamu nikaikuta ukutani.

Jamani. Vile vidoti vitatu havikuwepo. Maua yalikuwa yamegeuka vimraba vya kahawia vimepangana kama vigae vya bafuni, na kwenye kingo za vidole kulikuwa na ukungu fulani unaozungukazunguka. Yule mama akaniambia "imependeza eeh?" nikasema imependeza mama, na mdomo wangu ulikuwa mzito kusema hivyo.

Kilichotokea ni nini? Ukituma kama picha ya kawaida, WhatsApp inapunguza, upande mrefu unabaki kama pikseli 1600 hivi, alafu inaikandamiza faili iwe nyepesi ili isimalize bando. 1600 ukigawanya kwa inchi 24 unapata 67 kwa inchi. Na vile vimraba sio bahati mbaya, JPEG, ile aina ya faili tunayotumia kwa picha nyingi, inafanya kazi kwa kuikata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8, kila kipande inakirahisisha chenyewe, na ikikandamizwa sana mipaka ya vile vipande inaanza kuonekana. Mahali pa kwanza kuonekana ni kwenye vitu vidogo vyenye maelezo mengi, yaani hina, lesi, nywele zilizosukwa, shanga za gauni. Vilevile tunavyolipwa tuvionyeshe.

Sisemi msitumie WhatsApp, mteja wetu anaishi humo. Nasema tuma kwa njia ya dokumenti, faili linafika kama lilivyo bila kuguswa, na inapokea mpaka GB 2 kwa faili moja. Tangu 2023 kuna na kile kitufe cha HD, kinasaidia, ila bado kinapunguza, hivyo kwa ya kusafisha ni dokumenti au linki au flashi. Na kwenye flashi kuna jambo dogo limeshanikwamisha mara mbili, flashi nyingi bado zimefomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na hiyo haipokei faili moja linalozidi GB 4. Ukizipu harusi nzima ikawa GB 8 itakukatalia huku ikionyesha nafasi ipo. Weka picha kwenye folda tu, usizipu.

Ya Instagram itayarishe mwenyewe, upana 1080, ikiwa ya kusimama 1080 kwa 1350. Ukipandisha ya pikseli 6000 wataipunguza wao kwa namna yao, na mimi ni bora niipunguze mwenyewe niione kabla ya watu.

Halafu kuna hii ya MB. Mteja ananiambia "hii ina MB 3 na hii ina MB 11, mbona umenipunja?" Nikazifungua mbele yake, zote 6000 kwa 4000. Moja alikuwa amesimama mbele ya ukuta mweupe, nyingine amesimama kwenye shamba la miwa. Ukuta mweupe hauna mengi ya kuandika, majani ya miwa yana mengi. Pikseli sawa, uzito tofauti. Msipime ubora kwa MB, na msimwache mteja apime hivyo, mweleweshe taratibu. Kwenye Quality, pale kwenye kidirisha cha kueksipoti, mimi naweka 85 mpaka 90 kwa ya kusafisha, nimejaribu 100 na 90 nikazisafisha mbili kando kwa kando, nikawaita watu watano nyumbani hakuna aliyetofautisha, ila faili la 100 lilikuwa zito mno. Kitu cha kukwepa ni kufungua JPEG, kugusa kidogo, kusevu, kesho kufungua tena, kusevu. Kila ukisevu inapoteza. Rudi kwenye RAW yako, lile faili ghafi lililotoka kwenye kamera, kila mara.

Rangi sitazikalia sana. Wekeni sRGB, mpangilio wa rangi ambao simu na kompyuta nyingi zinauelewa. Kuna wanaoeksipoti Adobe RGB, mpangilio mwingine, kwa sababu ina rangi nyingi zaidi, ni kweli inazo, lakini ikifunguliwa mahali pasipoielewa ngozi za watu zinapauka, na mteja hatakuuliza, atasema tu hujui kuediti.

Kwa hiyo mimi sasa kila kazi natoa folda mbili. Moja nimeiandika SIMU, upande mrefu pikseli 2048, nyepesi, za kurushia ndugu. Nyingine nimeiandika KUSAFISHA, saizi yote kama ilivyotoka, bila kupunguza. Majina ya Kiswahili, ili hata mama wa bibi harusi akifungua asihitaji kuniuliza. Na najua kuna wenzangu wanampa mteja ndogo tu, kubwa wanaibana wauze baadae. Kuuza kubwa kwa bei yake ni haki yako, sipingi, lakini mwambie siku ya makubaliano. Usimwache akaondoka anaamini amebeba picha zake kumbe amebeba vivuli.

Naomba dakika chache nimalizie na hili, nilikuwa nasita kulisema.

Mwaka 2019 nilipiga send-off ya binti mmoja. Miaka miwili baadae kaka yake alinipigia saa tano usiku. Mama yao amefariki. Familia imetafuta kila mahali picha nzuri ya mama ya kuweka kanisani na kutangulia mbele ya jeneza, hawana, wamekumbuka siku ile ya send-off mama alipendeza, alivaa kitenge cha zambarau na kilemba. "Kaka, wewe si unazo?"

Sikuwa nazo. Hard disk ilipojaa nilifuta kazi za zamani, nikijua mteja ameshapewa zake. Na mteja nilimpa nini? Kipindi kile nilikuwa natuma WhatsApp tu. Walichokuwa nacho ni ile iliyopunguzwa, na mama hakuwa peke yake, alikuwa kwenye picha ya ukoo watu 20, mstari wa pili. Nilipomkata nikabaki na pikseli 310 za upana. Mia tatu na kumi. Nilikaa nae usiku kucha kwenye skrini. Kilemba kilionekana ni kilemba, zambarau ilionekana, lakini macho yalikuwa madoa mawili, na kadiri nilivyokuza ndivyo mama alivyozidi kuondoka.

Walitaka A3. Nilisafisha ndogo, inchi 3, nikaizungushia karatasi nyeupe pana nikaiweka kwenye fremu kubwa, ili angalau ile sura kidogo iwe sura. Kanisani niliona watu wakipita mbele ya jeneza, wanafika kwenye fremu wanainama, wanasogeza uso, wanatafuta. Mjukuu mmoja wa kike aliweka kidole juu ya kioo kabisa. Kaka yule hakunilaumu hata neno moja, aliniambia "asante, ndiyo tuliyonayo".

Tangu siku ile kila shughuli naanza na wazee. Kabla ya keki, kabla ya MC kushika maiki, natafuta mwanga mzuri namkalisha bibi, namkalisha babu, kila mmoja peke yake, picha tatu nne. Juzi hapa Kihonda alikuwepo bibi mmoja na mkongojo wake, akaniuliza unanipiga mimi wa nini, bibi harusi yule kule. Nikamwambia bibi kaa vizuri, angalia hapa. Jana nimempa mwanae flashi, nikaifungua mbele yake, nikamwonyesha folda ya KUSAFISHA, picha ya kwanza kabisa ni bibi, pikseli 4000 kwa 6000, nikamwambia hii ihifadhi mahali pawili.

Asanteni sana. Sasa fungueni laptopu, kila mtu achague picha moja aieksipoti mara mbili, moja 72 moja 300, tuhesabu pikseli wote kwa pamoja.